KISAHANI KINAPORUKA: Tabia za Walenga Shabaha na Kazi ya Mwalimu

Ndugu mwanachuo, katika vitabu vya malezi mwalimu hufananishwa na watu wengi: mkulima apaliliaye miche, mfinyanzi aukandaye udongo, nahodha aongozaye chombo. Mifano hiyo ni mizuri, nami nimeitumia mara nyingi darasani. Walakini ina upungufu mmoja. Mche hutulia mahali ulipopandwa, na udongo huungoja mkono wa mfinyanzi. Mtoto hangoji. Swali lake huzuka ghafla, kosa lake hupita upesi, na nafasi ya kumsaidia ikishapita huwa ni vigumu kuipata tena. Kwa sababu hiyo napenda kuongeza mfano mwingine, ambao niliupata katika mchezo tulioufanya hapa Izia, mjini Sumbawanga, mwezi Juni mwaka 2024. Mchezo wenyewe ni wa kulenga visahani vya udongo virushwavyo hewani. Ulinifundisha mengi juu ya tabia za watu, na ulinionyesha kosa nililokuwa nimemfanyia mwanachuo mmoja.

ASILI YA MCHEZO

Mchezo huu ulianza kwa damu. Zamani matajiri wa Uingereza na nchi nyingine za Ulaya walishindana kupiga njiwa hai waliofunguliwa kutoka katika visanduku. Hata mjini Paris mwaka 1900, wakati wa Michezo ya Olimpiki, yalikuwako mashindano ya namna hiyo, na mshindi, Léon de Lunden wa Ubelgiji, aliangusha ndege 21. Watu wengi waliuchukia ukatili huo. Kule Marekani walikuwa wamekwisha kujaribu mipira ya kioo badala ya ndege, lakini vigae vyake vilitapakaa viwanjani. Mwaka 1880 George Ligowsky, wa mji wa Cincinnati, akatengeneza kisahani cha udongo uliochomwa. Husimuliwa kwamba alipata wazo hilo alipowaona vijana wakirusha makombe yakirukaruka juu ya maji. Yaani mchezo unaochezwa leo na mataifa makubwa ulizaliwa katika mchezo wa watoto. Jambo hilo lafaa likumbukwe na kila mwalimu.

Visahani vya kwanza vilikuwa vigumu mno. Mara nyingine vilipigwa vikalia kama kengele, visivunjike. Leo bado huitwa visahani vya udongo, ingawa hufanywa kwa lami iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa. Kimoja kina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi. Bunduki itumikayo ni ile ya marisau, ambayo humwaga chembe nyingi ndogo za risasi kwa pamoja.

Katika Olimpiki ziko namna mbili kuu. Ya kwanza ni trapu. Mitambo 15 hufichwa handakini, mita 15 mbele ya walengaji. Mlengaji huita kwa sauti, na mara hiyo kisahani hutoka kwa kasi ya karibu kilomita 100 kwa saa. Chaweza kwenda kushoto, kulia au mbele moja kwa moja, naye hajui upande mpaka akione. Ya pili ni skiti, ambamo visahani hutoka katika vibanda viwili vilivyotazamana, kimoja kirefu na kingine kifupi. Hapo mlengaji akisha kuita, kisahani chaweza kutoka papo hapo au kikacheleweshwa hadi sekunde tatu, na muda wote huo hapana budi bunduki iwe chini, usawa wa kiuno. Asiyeweza kutulia kwa sekunde tatu mchezo huo haumfai.

Liko jambo moja zaidi, nalo ndilo kiini cha mchezo. Marisau huchukua muda kusafiri. Mtu akilenga mahali kisahani kilipo, atapiga mahali kilipokuwa. Sharti atangulie kidogo, apige mahali kitakapofika.

TULIVYOUFANYA HAPA KWETU

Nilikuwa nikifundisha mada ya zana za kufaragua. Niliwataka wanachuo wabuni mchezo mmoja ambao shule yoyote ya kijijini yaweza kuufanya bila kununua kitu. Kijana mmoja akapendekeza manati. Wengi wao wamekulia mashambani, na utotoni waliamia ndege katika ulezi, basi pendekezo likashangiliwa. Mimi nilikataa kwanza, maana sikutaka kuwafundisha walimu wa kesho kuwaulia watoto wao ndege bila sababu. Ndipo nikawasimulia habari za njiwa wa Paris na visahani vya Ligowsky. Tukakubaliana: manati iwe badala ya bunduki, na udongo uwe badala ya ndege.

Udongo si kitu kigeni katika nchi ya Ufipa. Wazee wa hapa waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo zilizoitwa malungu, na mpaka leo wako akina mama wafinyanzi wa vyungu. Wanachuo 24 waligawanyika katika makundi manne. Kila kundi lilichimba udongo bondeni, likauponda, likaukanda na kuukata kwa mfuniko wa kopo. Vidonge vya kupigia vilifanywa kwa udongo huo huo.

Kwa kuwa manati yaweza kumtoboa mtu jicho, tuliweka amri zisizo na mjadala. Mstari mmoja ulichorwa chini, na watu wote walikaa nyuma yake. Mrushaji alijikinga nyuma ya ukuta mfupi wa matofali, akirusha kuelekea kwenye mteremko usio na njia wala nyumba. Hakuna aliyeruhusiwa kuvuta manati kabla ya kuitwa jina, na mtu mmoja alipovuka mstari kuokota vipande, manati zote ziliwekwa chini. Kila mshindani alipewa visahani kumi.

Tulianza saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi. Kulikuwa na baridi ya kiangazi, upepo ukivuma kama uvumavyo huku uwandani, na Milima ya Mbizi ikionekana wazi.

TABIA ZILIZOJITOKEZA

Saa moja haikupita kabla sijaona kwamba kulikuwa na mashindano mawili pale: moja la mtu na kisahani, na lingine la mtu na tabia yake.

Kwanza alitokea mwenye pupa. Huyu alikuwa kijana hodari, aliyesifiwa na wenzake kwa kupiga ndege kwao. Kisahani kikitoka tu mkononi mwa mrushaji, yeye alikuwa amekwisha kuachia. Alikosa vinne mfululizo, kwa kuwa alipiga kabla ya kuona. Wanachuo wa namna hii ninawafahamu darasani. Huuliza swali na kulijibu wenyewe kabla mtoto hajainua mkono.

Wa pili alikuwa mwenye kusita. Alivuta mpira, akafumba jicho moja, akalenga, akalenga tena, kisahani kikaanguka majanini chenyewe. Alisema alikuwa bado hajawa tayari. Namfananisha na mwalimu ambaye andalio lake la somo limepambwa kwa wino wa rangi tatu, lakini kipindi humalizika akiwa bado kwenye utangulizi.

Wa tatu alikuwa msingiziaji. Mara upepo, mara mpira umelegea, mara mrushaji ana upendeleo. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Niliwaambia wanachuo methali hiyo kwa sauti kubwa, nikijiona nimefundisha.

Wa nne alikuwa mwenye kuhesabu. Huyu alivunja vitatu kati ya vitano vya mwanzo, jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Akageuka kuuliza kiongozi ana vingapi, na wengine wamebakiza vingapi. Kuanzia hapo hakuvunja hata kimoja. Macho yake yalikuwa uwanjani, lakini fikira zake zilikuwa kwenye karatasi ya alama.

Ukichunguza habari za mabingwa wa mchezo huu duniani, utaona kwamba huvuta watu wa kila namna. Ahmed Al Maktoum, wa ukoo wa watawala wa Dubai, alipata medali ya dhahabu mjini Athens mwaka 2004, medali ya kwanza ya nchi yake katika Olimpiki. Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait alipata ya shaba katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 57. Kimberly Rhode wa Marekani alipata medali katika Olimpiki sita mfululizo, kuanzia mwaka 1996 hadi 2016. Mjini Barcelona mwaka 1992, wakati skiti ilipokuwa wazi kwa wanaume na wanawake kwa pamoja, Zhang Shan wa China aliwashinda wanaume wote, baada ya kuvunja visahani 200 kati ya 200 kabla ya fainali. Wanaume wawili waliomfuata walimbeba juu wakati wa kupokea medali. Hata hivyo, mwaka 1996 wanawake hawakupewa nafasi katika skiti, na ikawabidi wangoje mpaka mwaka 2000 walipowekewa shindano lao.

Mfalme na raia, mzee na kijana, mwanamke na mwanamume: hakuna umbo la mwili wala cheo kinachowaunganisha. Kinachowaunganisha ni tabia moja, yaani kumaliza habari ya kisahani kilichopita kabla ya kuita kingine. Mfano bora kwangu ni Alessandra Perilli wa San Marino, nchi ndogo iliyozungukwa na Italia, yenye watu wapatao 34,000, ambao ni wachache kuliko wakazi wa Manispaa ya Sumbawanga. Mjini London mwaka 2012, wanawake watatu walilingana alama huku zikiwa zimebaki medali mbili. Wakapigiana tena ili kuamua, na Perilli akawa wa nne, mikono mitupu. Alirudi mazoezini. Mwaka 2021, katika Michezo ya Tokyo, alipata medali ya shaba, ya kwanza katika historia ya nchi yake katika Olimpiki, na siku chache baadaye akapata ya fedha pamoja na mwenzake Gian Marco Berti.

VISAHANI VILIVYOGOMA KUVUNJIKA

Nirudi Izia. Kundi la tatu lilikuwa limefanya bidii kupita kiasi. Badala ya kuvikausha visahani vyao juani kama wenzao, waliviokea motoni. Washindani wawili waliopangiwa visahani hivyo walilalamika kwamba wamepiga na hakikuvunjika kitu. Mimi niliandika sifuri na kuwaambia wasiwe kama mbaazi. Ndipo mmoja akaomba ruhusa ya kuvuka mstari. Akarudi na kisahani kizima, kina alama ya kidonge katikati.

Nilinyamaza. Kanuni za mchezo huu duniani zataka kionekane kipande kilichobanduka. Vumbi peke yake halihesabiwi. Lakini kanuni hizo hizo zasema kwamba kisahani kikitoka mtamboni kikiwa kimevunjika, si kosa la mlengaji, naye hurushiwa kingine. Waliozitunga walijua kwamba zana yaweza kuwa na hitilafu. Mimi mwalimu nilisahau. Tuliviweka kando visahani vile vilivyochomwa, na wale wawili wakarudia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni maswali mangapi ya majaribio yangu yaliyokuwa yameokwa motoni. Darasa zima likikosa swali moja, huenda mtoto hana kosa. Huenda swali ndilo gumu bila sababu, au lugha yake imefumbwa.

KOSA LANGU

Mwezi Mei, kabla ya mashindano hayo, nilikuwa nimewakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao, dada mpole asiyesema sana, alifundisha Hisabati Darasa la Nne katika shule ya msingi iliyo jirani. Alikuwa akiuliza swali, kisha akanyamaza. Darasa nalo likanyamaza. Mimi, niliyeketi nyuma, nilianza kuona aibu kwa niaba yake. Katika fomu ya ukaguzi niliandika: "Husita. Hana uhakika wa somo." Nikampa alama ya chini, ambayo ingemlazimu kurudia mazoezi.

Siku ya visahani nilitazamia kwamba atakuwa katika kundi la wenye kusita. Alisimama mstarini, macho mawili wazi, manati chini. Kisahani kilipotoka, mikono yake iliinuka pamoja nacho, ikakifuata, ikakitangulia kidogo, kisha akaachia. Alipokosa aliinama, akaokota kidonge kingine. Hakutazama watu, wala karatasi ya alama. Alivunja vinne, na hakuna aliyemfikia.

Wanachuo wakanitaka nami nijaribu. Nilikosa vitatu, kisha nikamwambia mrushaji kwamba anarusha chini mno. Kicheko kilichozuka nakisikia mpaka sasa, maana mbaazi wao alikuwa amechanua. Nikakumbuka pia kwamba mwaka 2013, nilipokuwa JKT baada ya kumaliza kidato cha sita, siku ya kulenga shabaha niliisingizia bunduki. Afande alinipa ya mwenzangu aliyetoka kupiga vizuri, nikakosa tena. Zaidi ya miaka kumi ilikuwa imepita, nami tabia ile ile nilikuwa ninaibeba, tena nikiipimia watu.

Jioni niliitoa fomu yake na kuisoma. Neno "husita" halikunipendeza tena. Juma lililofuata nilimwomba ruhusa ya kumkagua upya, na safari hii nilikuwa na saa mkononi. Aliuliza swali, akangoja sekunde nne, mara nyingine tano. Katika sekunde ya pili mikono ilikuwa mitatu. Katika sekunde ya nne ilikuwa kumi na zaidi, na majibu hayakuwa ya neno moja. Mtaalamu wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyechunguza jambo hili na kulitangaza katika miaka ya 1970, aliona kwamba walimu wengi hungoja sekunde moja tu au pungufu baada ya kuuliza, na kwamba wakingoja tatu au zaidi majibu ya watoto hurefuka na wale wanaodhaniwa kuwa wazito huanza kusema. Nilikuwa nimeyafundisha haya ubaoni. Yalipotendwa mbele ya macho yangu, niliyaita upungufu.

Sikuandika kwamba hana dosari. Wavulana wawili wa dawati la nyuma hawakuitwa hata mara moja, nami nilimweleza hivyo. Alinijibu kwa upole, "Ni kweli, Mkufunzi. Nawangoja wote, lakini nachagua walio mbele." Tulibadili alama yake, na ikanibidi nieleze sababu katika kikao cha wakufunzi. Haikuwa kazi nyepesi kusema mbele ya wenzangu kwamba nilikosea.

Liko lililo zito zaidi. Mwaka uliotangulia nilimkagua kijana mwingine, na nilipozitafuta fomu zangu za zamani nikakuta neno lile lile kwa mwandiko wangu: "Husita." Kijana huyo aliacha chuo kabla ya muhula wa mwisho. Alikuwa na shida ya ada, na sisemi kwamba maneno yangu peke yake ndiyo yaliyomwondoa. Lakini sikumbuki kama nilihesabu sekunde zake. Kisahani hicho kilishapita.

MAMBO YA KUZINGATIA

Ndugu mwanachuo, napenda nikuachie mambo machache.

Kwanza, mtoto si shabaha. Mfano huu usichukuliwe kupita mpaka wake. Kinacholengwa ni lile jambo analotaka kulielewa, nalo hubadilika kila siku. Kwa hiyo usilifundishe darasa mahali lilipokuwa mwaka jana, bali tazama linakokwenda, ulitangulie kidogo.

Pili, ukiuliza swali, ngoja. Hesabu moyoni hadi tatu. Kimya hicho kitakutisha wewe kuliko kitakavyowatisha watoto.

Tatu, kipindi kikiharibika, tafuta sababu jioni, uiandike, kisha uingie kipindi cha kesho bila kukibeba cha jana.

Nne, kabla ya kumwita mtu msingiziaji, kagua zana. Ukikuta kisahani kilichookwa, rusha kingine.

Tano, ukitaka kuufanya mchezo huu shuleni kwako, waache wadogo watumie mipira ya matambara kupiga visahani vilivyotundikwa kwa kamba. Manati yawafaa watu wazima chini ya amri kali tu. Wape watoto kazi ya kuchimba na kufinyanga, kwa kuwa humo mna sayansi, vipimo na ushirikiano. Kisha kaa pembeni na daftari, usiandike waliopata vingapi, bali andika kila mmoja alifanya nini baada ya kukosa.

Dada yule sasa ni mwalimu katika mojawapo ya vijiji vya mkoa wetu. Fomu yake ya kwanza ninayo bado, katika droo ya meza yangu. Kila nikienda kukagua naisoma kabla ya kutoka, kisha navaa saa.